Mkalimani Aliyekuwa na Swali Lake

Siku ya kwanza ya utafiti wangu, mkalimani alilikataa jibu. Nilikuwa nimemuuliza mama mmoja wa Kirundi, aliyekaa mbele yetu juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekuwa akijisikiaje tangu avuke mpaka. Mama akajibu, "Ni amahoro," yaani ni amani tu. Nikaanza kuandika. Mkalimani akaweka kiganja chake juu ya karatasi yangu, akamgeukia yule mama, wakasemezana Kirundi kwa muda, kisha akaniarifu kwamba amemwomba afikiri upya. Mtu aliyelala ufukweni mwa ziwa kule Kagunga, wakimbizi wanakofikia, na watoto wake huku mvua inawanyeshea, akasema, hawezi kuja hapa kutuambia habari za amani. Nikamweleza kwa upole kwamba katika utafiti wa namna hii mhojiwa hasahihishwi. Akanijibu kwamba hajamsahihisha mtu, alikuwa anamalizana naye salamu, na mahojiano ndiyo kwanza yanaanza. Baadaye niligundua kwamba alisema kweli. Niligundua pia kwamba aliwakatalia majibu hata watu ambao salamu zao zilikuwa zimekwisha zamani.

Mkalimani huyu nilimfahamu tangu nikiwa mdogo. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, tukapangiwa Kigoma tukitokea Morogoro, tukakaa Rusimbi. Yeye nyumba yake ilikuwa Ujiji na meza yake ya mawese na dagaa ilikuwa soko la Mwanga, ambako mama alininunulia kila kitu isipokuwa viatu. Mimi nilimwita Shangazi, ingawa hatukuwa na damu moja hata tone, naye aliniita binti wa reli. Aliendelea kuniita hivyo hata baada ya baba kustaafu na treni yenyewe kuanza kuja pale inapojisikia.

Kwa hiyo nilipofika mwaka wa mwisho wa saikolojia, nikataka kuandika juu ya namna wakimbizi wanavyobeba mawazo yao, sikuwa na haja ya kutafuta mbali. Kiha changu kilikuwa cha kuombea maji na Kirundi sikuwa nacho kabisa. Mwalimu aliyenisimamia chuoni aliagiza nitafute mkalimani mwenye ufasaha wa Kiswahili na Kirundi na asiyeegemea upande wowote. Mwenye ufasaha nilimpata.

Kirundi chake alikipata kazini. Kwa miaka mingi alipanda maboti ya mwambao kwenda kaskazini, Kagunga na kuvuka hadi magulio ya upande wa Burundi, akipeleka chumvi, sabuni na khanga, akirudi na mawese. Usidhani alilipenda ziwa. Alikuwa analiogopa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Waliosafiri naye wanasema alikaa katikati ya boti, macho ameyafumba, akisoma dua kwa sauti ya kuwaogopesha abiria wengine, na boti ikishafika salama alimfuata nahodha kumgombeza kwa uendeshaji wake. Safari iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika mwaloni, maboti yanapotia nanga, na boti ilikuwa ya nahodha yuleyule.

Kambi ilikuwa Kasulu, mbali na Ujiji, kwa hiyo siku za kazi tulipanga chumba katika mji mdogo uliokuwa karibu nayo. Alikuja na koti zito la marehemu mumewe, akalivaa juu ya khanga zake, katika jua lile la Kasulu. Nilimwambia ataungua. Akasema hii ni kazi ya serikali. Nikamwambia ni kazi ya chuo tu, tena ya mwanafunzi. Akasema chuo ni cha nani? Akaja pia na kigoda chake cha kukalia, kwa sababu aliona si sawa mkalimani kukaa chini kuliko mhojiwa, na matokeo yake ni kwamba yeye alikaa juu kwenye kigoda, mhojiwa juu ya ndoo, na mimi mwenye utafiti juu ya ndala zangu.

Kinasa sauti changu kilikuwa simu. Nilimweleza kwamba kila kitakachosemwa kitasikilizwa na mwalimu wangu kule chuoni, nikidhani kwa kusema hivyo atakuwa mwangalifu. Kosa. Kuanzia hapo kila mahojiano yalifunguliwa kwa Mkalimani kuinama juu ya simu na kumpa mwalimu salamu, kumuuliza hali ya nyumbani kwake, kisha kumpa taarifa. Kuna rekodi moja anasikika akimweleza kwamba huyu binti hajala tangu asubuhi, na kwamba kama chuo hakina chakula kingetangaza watu wajue. Katika nyingine anamlaumu kwa swali la tano, ambalo aliliona halina adabu, kwani linamuuliza mtu mzima kama huwa analia. Akamshauri aulize kama macho yanamsumbua, mwenye akili ataelewa. Mwalimu wangu, mtu mkavu kuliko dagaa la Mwanga, alinipigia simu akasema nimfahamishe mama huyo kwamba salamu zimefika. Swali la tano hakuligusa.

Ridhaa nayo ilikuwa vita. Nilikuwa na maelezo mazuri ya haki za mhojiwa na mahali pa kuweka sahihi. Wakimbizi walikuwa wanaogopa sahihi kuliko nyoka, maana walisikia kwamba ukisaini karatasi usiyoijua unajikuta kwenye basi la kurudi ulikokimbia. Mkalimani aliweka karatasi zangu chini ya koti akawaambia kwa maneno yake. Nilipomuuliza amewaambia nini, akasema ni yaleyale ya kwenye karatasi: ukichoka nyamaza, ukikasirika ondoka, ukinidanganya mimi nitajua. Hilo la mwisho halikuwemo kwenye karatasi.

Alikuwa na uadui mkubwa na uongo, uongo wa wengine. Wake mwenyewe aliuita kupunguza maneno. Alijulisha kila mtu kwamba hapendi umbea, na baada ya sentensi hiyo ulijua uweke vizuri makalio, kwa sababu ungekaa sana. Aliwahurumia wakimbizi mpaka nikaogopa, akagawa sabuni zake mwenyewe, na papo hapo aliwasema kwamba wanapika maharage kama watu wanaokimbizwa. Nilimwambia, Shangazi, wamekimbizwa kweli. Akasema ndiyo, lakini walishafika.

Kisha Ramadhani ikaingia tukiwa katikati ya kazi. Hapa niseme ukweli wa kitaaluma. Nilipoanza kuchambua mahojiano, niliona jambo la kunitia hamasa: wahojiwa wa asubuhi walikuwa na maelezo marefu yenye rangi, na wahojiwa wa alasiri wote walitoa majibu ya aina moja. "Anasema amechoka." "Anasema hana la kusema." "Anasema Mungu anajua." Nikaandika kurasa nzima juu ya kuporomoka kwa nguvu za nafsi kadiri siku inavyosonga katika mazingira ya kambi. Mwalimu akanisifu kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Ni mpaka nilipompa kijana mmoja wa chuo anayejua Kirundi anisikilizie rekodi zile, ndipo akaja kuniambia, huku anajizuia kucheka, kwamba watu wa alasiri wanasema mengi kabisa, wengine wanasimulia mpaka na majina ya ng'ombe. Aliyechoka alikuwa Mkalimani. Alikuwa amefunga, koo limemkauka, futari iko mbali, na kila mtu aliyeleta hadithi ndefu baada ya sala ya alasiri alifupishwa. Kurasa zile nilizifuta na kazi ya tafsiri ikaanza upya. Nilipomkabili, alisema hakupunguza maana hata moja. Mtu akisimulia ng'ombe wake wote, alisema, maana yake ni kwamba Mungu anajua.

Lakini nimezunguka vya kutosha, maana kiini cha mtu huyu ni swali lake. Alipokubali kazi aliweka sharti moja. Hakutaka mkataba. Alitaka kila mahojiano yakiisha, mimi nikishafunga maswali yangu, naye aulize la kwake, moja tu. Nilikubali bila kufikiri. Nilidhani litakuwa la bei ya mawese.

Likawa hili: unamfahamu mwanamke mmoja mrefu, muuza mawese, ana kovu kwenye kidevu, na jambo la kuchekesha hulicheka kabla hajalimaliza kulisema? Ukimwona, mwambie yule wa Ujiji bado anamsubiri aje amwombe radhi.

Huyo alikuwa shoga yake wa ng'ambo. Walifanya biashara pamoja tangu ujana, chumvi ya huyu kwa mawese ya yule, na Mkalimani akilala upande wa Burundi alilala kwake. Walichokosania nilisimuliwa ndani ya basi, kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva. Mkalimani alikuwa anamwoza binti yake, Ujiji, ua umejaa, masheikh wamekaa jamvini. Shoga akavuka ziwa kuja harusini. Na kwao Warundi, kama kwa Waha wengi wasio Waislamu, huendi harusini mikono mitupu, na kitu cha heshima cha kubeba ni pombe. Akaja na dumu zima la urwarwa, pombe ya ndizi aliyoikamua mwenyewe, limezibwa kwa jani la mgomba, analo kichwani, akaingia nalo uani anapiga vigelegele mpaka mbele ya masheikh.

Mkalimani akawaamuru vijana walichukue lile dumu haraka wakalimwage mtaroni. Likamwagwa, mwenyewe anaangalia. Kwa Mrundi pombe ya heri ukiimwaga chini umemmwaga na aliyeileta. Yule mwanamke alifunga vizuri kitenge chake akarudi mwaloni bila kuonja pilau, na hapo ndipo Mkalimani alipoumia. Alikuwa anarudia mbele ya basi zima: pilau langu, mbele ya watu, hakugusa hata punje. Nikamuuliza kama hakuona kwamba shoga yake naye alidhalilishwa mbele ya watu. Akaniambia nisimletee saikolojia.

Miaka ikapita hawajasemezana. Kisha Burundi ikachafuka, watu wakamiminika Kagunga maelfu kwa maelfu, wengine wakaugua wakafia palepale ufukweni wakisubiri meli. Mkalimani hakujua kama shoga yake alivuka, alibaki, au alizikwa njiani. Ndiyo maana alivaa koti la mumewe akaja kambini. Kazi yangu ilikuwa kibali chake cha kupita kibanda hadi kibanda.

Mwalimu alilisikia swali lile kwenye rekodi, Mkalimani akinitafsiria, akanipigia akiwa amekasirika. Ule ni uchafuzi wa data, na mkalimani akome mara moja. Nilimfikishia. Mahojiano yaliyofuata alimjibu mwenyewe, ameinamia simu: "Mwalimu, wewe una maswali ukurasa mzima, mimi ninalo moja. Wewe ukikosa jibu, mtoto anaandika jibu halikupatikana. Mimi nikikosa niandike wapi?" Mwalimu hakupiga tena kuhusu hilo. Aliagiza tu sehemu hiyo isinakiliwe.

Wahojiwa wote walisema oya, yaani hapana, hawamjui. Na mimi, niliyefundishwa kusikiliza kinachobadilika, nikaanza kusikia swali linabadilika. Wiki za mwanzo lilikuja kamili, na radhi zake. Baadaye radhi zikadondoka, likawa mwambie yule wa Ujiji bado anamsubiri. Siku moja mzee mmoja alitusimulia jinsi walivyowazika watu Kagunga wakiwa wamefungwa kwenye mikeka bila kujua majina yao. Alipomaliza, Mkalimani alimuuliza jambo fupi sana. Sikujua Kirundi lakini kwa wakati huo swali lake nilikuwa nimelizoea, na hili halikuwa lile. Nilipomuuliza akasema amemuuliza kama kati ya waliozikwa kulikuwa na mwanamke mrefu. Mzee hakukumbuka. Siku hiyo Mkalimani alitembea mbele yangu mpaka kituoni, na koti alilibeba mkononi.

Hatimaye tukampata msichana mmoja fundi cherehani. Maswali yangu yakaisha, Mkalimani akauliza la kwake kwa sauti ya mtu aliyekwishajua jibu, na yule binti akasema ego. Ndiyo, anamjua. Yuko hapahapa, upande wa pili wa kambi, huwa wanakwenda kuni pamoja. Anacheka kabla hajamaliza.

Mkalimani akanigeukia akanigombeza kwamba begi langu liko wazi na vitu vitaibiwa. Mimi nililia, sikujali uchafuzi wa data. Nikakusanya vyombo vyangu nikijua tunakwenda upande wa pili wa kambi sasa hivi, na nikamkuta amekaa imara kwenye kigoda chake, amempa yule fundi cherehani ujumbe. Mwambie yule wa Ujiji yupo, na anamsubiri aje amwombe radhi.

Nilidhani ninaota. Alipojua mwenzake yu hai, radhi zote zilirudi mahali pake. Nilimsihi, nilimkaripia, nilimnunia njia nzima. Aliniambia kwamba mtu ukimlilia akiwa mzima atakufa kwa kiburi. Wiki iliyofuata fundi cherehani akaleta majibu: shoga amefurahi kusikia, anauliza hali ya watoto, anasema yeye ndiye anayesubiri kuombwa radhi, na kwamba ule urwarwa ulikuwa mzuri. Mkalimani akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa kuridhika kabisa, "Hajabadilika."

Utafiti wangu uliisha hivyo. Mwalimu alitaka niendelee mpaka data zishibe, yaani mpaka majibu yasilete tena jipya, na Mkalimani alisema hii ni kambi ya ajabu, vinavyoshiba ni vitu visivyo na tumbo. Wao wawili wakabaki walivyo, mmoja kambini na mmoja Ujiji, wakitumiana salamu za kiburi kwa miaka kupitia wauza dagaa. Nilipata shahada yangu. Katika shukrani nilimtaja yeye kabla ya mwalimu.

Nikaajiriwa kambini humohumo, na shirika moja, kuwa mshauri nasaha, nikapewa kibanda cha mabanzi chenye viti viwili na benchi la nje. Wakati huo watu walikuwa wameanza kujiandikisha kurudi Burundi. Asubuhi moja nikasikia mtu anagombana na mlinzi kwamba yeye ni mtu wa serikali, nikajua kabla sijatoka. Koti lilikuwa limemzidi, amepungua sana. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza hali ya baba, hali ya mama, hali ya treni. Kisha akasema amesikia yule mwanamke amejiandikisha. Anaondoka na mabasi ya wiki ijayo.

Nikasubiri. Akatazama kuta za mabanzi, akaniuliza kama nina maswali. Nikamwambia, "Shangazi, utafiti uliisha zamani."

"Utafiti hauishi. Mwite umhoji. Mimi nitatafsiri."

Ndipo nikamwelewa. Yeye hangekwenda kwa mtu, na mtu hangekuja kwake. Wote wawili wangekuja kwangu. Nilimwambia siwezi kumwita mkimbizi kwa utafiti usiokuwepo, ni kinyume cha kazi yangu. Akasema basi nimuulize ninayotaka kujua kweli, itakuwa siyo uongo. Nikamtuma kiongozi wa eneo lao, na nikamwagiza aseme wazi kwamba mshauri angependa kuzungumza na mama huyo kabla hajaondoka, akipenda, na mkalimani ni yule wa Ujiji. Alirudi akisema mama aliuliza mara mbili kama ni kikazi. Alipoambiwa ni kikazi, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Alikuja mrefu kweli, na kitenge kipya. Hawakusalimiana. Walikaa magoti yakikaribia kugusana, maana kibanda ni kidogo, na wote wawili wakanitazama mimi kama wanafunzi. Nilikuwa na hofu kuliko siku ya kutetea tasnifu yangu. Nikauliza anajisikiaje kuhusu kurudi nyumbani. Mkalimani akauliza, mwenzake akajibu, Mkalimani akanieleza kwamba anasema ni vizuri. Nikauliza kama nyumba yake bado ipo. Anasema hajui. Mkalimani alitafsiri neno kwa neno, hakuongeza kitu wala hakukataa jibu, na ndipo nilipojua jinsi anavyoogopa.

Nikauliza kama kuna kitu anachokiacha upande huu kinachomuumiza moyo.

Mkalimani alinikazia macho, kwa hasira kidogo, kisha akageuka akauliza. Yule mama alipoanza kusema hakunitazama mimi, alimtazama aliyekuwa mbele yake, na alisema polepole, na katikati sauti ikamkatika. Mkalimani alipaswa kunigeukia hapo. Hakugeuka. Alimjibu. Yule akasema tena, huyu akamjibu tena, chini kwa chini, mikono ya mmoja ikashika ya mwingine sijui saa ngapi, na machozi yakawa yanashuka kwa wote wawili bila mtu kuyafuta. Mimi nilikaa na kalamu yangu. Nilitaka sana kujua. Nilikuwa nimewasubiri miaka mingi nami.

"Shangazi," nikasema, "anasemaje?"

Hakugeuza hata shingo. "Binti wa reli, hayo hayatafsiriwi."

Nikachukua simu yangu nikatoka nje. Mteja wangu wa asubuhi ile alikuwa amekaa kwenye benchi, akanyanyuka alipoona mlango unafunguka. Nikamwomba aje kesho, nikamwambia leo ofisi ina wenyewe.